Fremu ya Mwingereza: soma chuma kwanza, jina baadaye

Kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha kwenye baiskeli ni jina lake. Rangi mpya hupigwa kwa siku mbili. Nembo ya shaba pale mbele hushikwa na ribiti mbili tu. Hung'olewa hapa ikapigiliwa pale. Chapa za kubandika, zikiwemo zile za Reynolds 531, aina ya paipu ya chuma inayothaminiwa, huchapishwa upya Uingereza na kuuzwa wazi kwa watu wanaokarabati fremu zao, wala mnunuzi haulizwi anakwenda kuzibandika wapi. Anayeanza kukagua fremu kwa kusoma maandishi ameanzia mwisho.

Muuzaji wa fremu ya zamani ya Kiingereza atakwambia ni "halisi", na neno hilo lenyewe linahitaji kupasuliwa. Fremu inaweza kuwa ya Kiingereza kweli lakini si ya mjenzi anayetajwa. Inaweza kuwa ya mjenzi huyo lakini imevalishwa foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya fremu nyingine. Inaweza kuwa yake, na foki yake, ila ilipelekwa kupakwa rangi mwaka 1985 ikarudi imeongezewa vishikio vya chupa. Na inaweza kubeba jina sahihi kisheria wakati aliyeijenga hakuwahi kukanyaga karakana iliyolipatia jina hilo sifa. Kila moja ya hali hizi ina bei yake, na wauzaji wengi huzichanganya, wengine kwa kutojua.

Vifaa vya kazi ni vichache: kalipa, rula ya chuma, kamba ya mita nne, tochi, sumaku ndogo. Vua baiskeli kadiri unavyoruhusiwa, hasa nguzo ya siti, krenki na foki. Muuzaji akikataa foki isitolewe, mpe bei ya fremu isiyojulikana.

Nyuzi hazidanganyi kirahisi

Anza chini, kwenye kasha la krenki, ile paipu fupi nene ambamo ekseli ya pedali hupita. Kiwango cha Kiingereza ni kipenyo cha inchi 1.37, nyuzi (mikato ya skrubu) 24 kwa inchi, na upana wa kasha milimita 68. Kikombe cha upande wa cheni kina nyuzi za kushoto, yaani hukazwa kinyume cha mwendo wa saa. Mwitaliano hutumia milimita 36 kwa nyuzi 24, pande zote mbili nyuzi za kulia, na kasha la milimita 70. Mfaransa wa zamani alitumia milimita 35 na hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi, naye pande zote kulia.

Hapa wengi hukimbilia hukumu. Nyuzi za Kiingereza zikila kutu au zikichunwa na kikombe kilichoingizwa upogo, dawa ya kawaida ya fundi ni kupanua tundu na kukata nyuzi za Kiitaliano, kwa sababu 36 ni kubwa kuliko 1.37 na chuma cha kukata bado kipo. Ukikuta nyuzi za Kiitaliano ndani ya kasha la milimita 68, usiseme fremu ni ya Italia. Sema huenda iliwahi kuumia. Kasha la 70 lenye nyuzi hizo ni habari nyingine.

Jambo la pili linalopoteza watu ni Chater-Lea, kiwango cha zamani cha inchi 1.45 kwa nyuzi 26, kilichotumiwa na baadhi ya wajenzi wa fremu nyepesi. Kikombe cha kawaida kitapwaya humo kwa milimita mbili nzima. Mtu huona tundu limelika, hupeleka fremu kwa fundi wa kuchomelea, na hapo ushahidi mzuri wa umri unaharibiwa kwa gharama zake mwenyewe. Kabla ya kusema tundu limelika, lipime.

Kisha kuna Raleigh, kampuni iliyokuwa na kiwango chake binafsi. Baiskeli zake za kawaida za Nottingham, yaani zile nzito za magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma pamoja na zile za gia tatu, zilikatwa nyuzi 26 kwa inchi kwenye krenki na pia kwenye shingo ya foki, ile paipu yake inayoingia kichwani mwa fremu. Kasha lake ni la milimita 71 au 76, si 68. Kupima ni rahisi hata bila kipima nyuzi. Toa foki, safisha nyuzi za shingo kwa brashi na mafuta ya taa, laza rula sambamba nazo chini ya tochi, halafu hesabu vilele ndani ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Vikiwa 12, ni nyuzi 24. Vikiwa 13, ni 26. Rudia mara tatu, maana kosa la kilele kimoja linageuza jibu lote. Njia nyingine ni nati ya kichwa unayoijua kuwa ya 24: kwenye shingo ya 26 itazunguka mara moja au mbili kisha igome. Ikigoma, acha hapo hapo.

Matokeo yasomwe kwa haki. Baiskeli nzito inayodaiwa kuwa Raleigh ya Nottingham ya miaka ya 1950, ikiwa na nyuzi 24 kwenye krenki na kasha la 68, dai hilo limeshaanguka. Lakini nyuzi 26 hazithibitishi kuwa ni Raleigh. Raleigh ilinunua Humber ya baiskeli mwaka 1932, Rudge-Whitworth 1943, Triumph 1954 na BSA 1957, na baiskeli nyingi za majina hayo zikawa zinatoka kiwanda kilekile. Nyuzi 26 zinakuonyesha ukoo, si mtoto. Na kinyume chake, fremu za mbio zenye jina la Raleigh zilizojengwa Worksop, katika karakana ya Carlton ambayo Raleigh iliichukua mwaka 1960, zilikatwa nyuzi 24 za kawaida. Kwa fremu ya mbio, 24 haina kosa lolote.

Nguzo ya siti inasema paipu ni ya aina gani

Reynolds wa Birmingham walileta chuma cha 531, mchanganyiko wa manganizi na molibdeni, mwaka 1935. Ufundi wa kufanya paipu iwe nene mwishoni na nyembamba katikati walikuwa nao tangu hati miliki ya 1897. Stika ya 531 ndiyo inayopandisha bei, kwa hiyo ndiyo inayobandikwa pasipostahili.

Paipu ya kiti ya Kiingereza ina kipenyo cha nje cha inchi 1 na 1/8, ambacho ni milimita 28.6. Unene wa ukuta wake huamua nguzo gani itaingia. Ukuta wa milimita 0.56, kama wa 531 nyepesi, unaacha tundu la 27.5, na nguzo inayokaa humo ni ya 27.2. Ukuta wa 0.7 unaacha tundu la 27.2, nguzo ni ya 26.8 au 27.0. Ukuta wa 0.9 huchukua nguzo ya 26.4 au 26.6. Chuma cha kawaida cha baiskeli ya bei nafuu, chenye ukuta wa 1.2 na zaidi, kinataka nguzo ya 26.0 au chini yake, mara nyingi 25.4.

Basi fremu yenye stika ya "531 Butted" inayokubali nguzo ya 25.4 tu ina maswali mazito ya kujibu. Lakini pima tundu lenyewe, si nguzo uliyoikuta. Nguzo ndogo iliyokazwa kwa nguvu miaka mingi hubana mdomo wa paipu ukawa yai. Ingiza kalipa sentimita tatu au nne chini ya mdomo, pima mbele kwa nyuma kisha kushoto kwa kulia. Fremu za 531 za kabla ya miaka ya 1960 zilijengwa mara nyingi kwa paipu nene kidogo, kwa hiyo 26.4 au 26.6 kwenye fremu ya 1950 si kashfa. Stika zenyewe pia zilitofautiana: nyingine zilidai paipu tatu kuu tu, nyingine paipu zote pamoja na foki na miguu ya nyuma, zile paipu nyembamba zinazoshika gurudumu la nyuma. Anayeuza huisoma ya kwanza kana kwamba ni ya pili.

Chungulia pia ndani ya shingo ya foki kwa tochi. Ukiona mistari mitano iliyoinuka ikijipinda kama ndani ya mtutu wa bunduki, hiyo ni shingo ya Columbus wa Italia. Foki hiyo si ya 531, iwe imebandikwa nini kwa nje.

Kuna kipimo kimoja kinachopendwa sana na hakina maana: kugonga paipu kwa ukucha na kusikiliza mlio. Mlio hubadilika kwa ukubwa wa fremu, kwa rangi, hata kwa vikombe vilivyobaki kichwani. Mizani inasaidia zaidi. Fremu nzuri ya 531 ya inchi 22 au 23, bila foki, huwa karibu na kilo 2. Ya chuma cha kawaida huizidi kwa nusu kilo au zaidi.

Umri umeandikwa kwenye nafasi na matundu

Pima nafasi kati ya masikio mawili ya nyuma, pale ekseli inapokaa. Milimita 110 hadi 114 ni ya gia moja au habu (kitovu cha gurudumu) ya gia tatu. 120 ni ya gia tano za nje. 126 ni ya gia sita na saba, iliyoenea kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. 130 ni ya baadaye zaidi. Chuma hupanuliwa, kwa hiyo 126 kwenye fremu ya 1955 inawezekana kabisa kama kuna aliyetaka gia zaidi. Utajua kwa sababu nyuso za masikio hazitazamani tena sawasawa, zimefunguka kama milango miwili iliyoachwa nusu.

Kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi tundu la bolti ya breki, mbele na nyuma. Gurudumu la Kiingereza la inchi 27 lina kipenyo cha ringi cha milimita 630. Lile la 700C ni 622. La klabu la inchi 26 kwa 1¼ ni 597, na la baiskeli nzito, 28 kwa 1½, ni 635, saizi ambayo bado utaipata katika maduka mengi ya vipuri Afrika Mashariki. Toa nusu ya kipenyo kutoka kipimo chako na unapata urefu wa mkono wa breki. Kwa mfano, tundu likiwa milimita 370 kutoka ekseli ya mbele: 370 kutoa 315 ni 55, jibu la kawaida kwa gurudumu la 27. Mbele na nyuma zikitoa majibu ya magurudumu mawili tofauti, shuku foki.

Vishikio vilivyolehemiwa vina tarehe zake. Kipande cha kushika taa kwenye mguu wa foki ni tabia ya Kiingereza ya miaka ya 1930 hadi 1950, enzi ambapo mtu aliendesha hiyo hiyo moja kwenda kazini, kwenye klabu na mbioni. Tundu la mafuta juu ya kasha la krenki ni la zama hizo pia. Matundu ya chupa ya maji kwenye paipu ya chini ni kawaida tu kuanzia miaka ya 1970; kabla ya hapo wajenzi hawakupenda kuipasha moto sehemu nyembamba ya paipu, wakatumia klipu. Breki yenye nati iliyozama ndani ya daraja la nyuma ni ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea. Tatizo ni kwamba yote haya yaliweza kuongezwa fremu ilipopelekwa kupakwa rangi upya, na Waingereza walipaka fremu zao upya mara kwa mara. Kitu kipya kwenye fremu ya zamani hakikanushi umri wake. Kitu cha zamani ambacho kingetakiwa kuwepo na hakipo, na hakuna alama ya kilipokatwa, ndicho cha kufikiria.

Foki ndiyo huangusha fremu nyingi

Baiskeli ikigonga ukuta, foki hupinda kwanza. Ndiyo maana fremu nyingi za zamani ziko na foki ya mtu mwingine, na ndiyo maana fremu yenye foki yake huthaminiwa zaidi. Wajenzi wengi wa Uingereza walipiga namba ya fremu kwenye shingo ya foki pia. Zikilingana, umemaliza nusu ya kazi. Zisipolingana, au foki haina namba, angalia urefu wa shingo: ikiwa imejazwa washa tatu au nne ili nati ifike, haikukatwa kwa ajili ya kichwa hiki. Linganisha na rangi ya chini kabisa, ile iliyofichwa ndani ya taji la foki (pale juu miguu yake miwili inapoungana), na rangi ya chini iliyoko chini ya kasha la krenki.

Baadhi ya foki hujitambulisha zenyewe. Humber ilikuwa na foki ya paipu pacha, mbili kila upande, na gurudumu lake la meno pale kwenye krenki limechongwa watu wadogo watano waliojipanga mviringo. Raleigh ilichonga vichwa vya korongo, Rudge kiganja cha mkono. Meno hayo hutolewa kwa kugonga kotapini moja tu, kwa hiyo hayathibitishi fremu. Ila foki ya pacha ya Humber kwenye kichwa cha fremu yake ni ushahidi mzito kuliko nembo yoyote.

Lagi, miguu iliyopindwa, na majina yaliyohama

Lagi ni vile vifuko vya chuma vinavyoshika ncha za paipu. Watu huzitazama zilizochongwa maua wakadhani wameona saini ya fundi. Lagi za Nervex Professional, zenye mikunjo yake maarufu, zilitengenezwa Ufaransa na kuuzwa kwa yeyote. Wajenzi kadhaa wa Uingereza walizitumia. Saini ya fundi iko kwenye namna zilivyomaliziwa: ukingo uliopigwa tupa ukawa mwembamba na sawa pande zote, shaba ya kulehemu iliyotokeza mstari mmoja usiokatika, ncha za miguu ya nyuma zilivyokatwa juu karibu na kiti. Linganisha kushoto na kulia. Rangi nene huficha haya yote.

Wajenzi wachache walijitofautisha kwa umbo lenyewe, jambo linalorahisisha utambuzi. Hetchins wa London walipinda miguu ya nyuma kama herufi S ndefu. Bates walikuwa na foki ya Diadrant yenye mkunjo wa ajabu. Baines wa Bradford walijenga ile inayojulikana kama Flying Gate, yenye paipu ya kiti iliyosimama wima na vipande vya ziada nyuma yake. Hata hapo tulia. Flying Gate ilifufuliwa na mjenzi mwingine miongo kadhaa baadaye, na kazi ya Hetchins ilihamia Southend miaka ya 1970. Fremu hizo si bandia. Ni mikono mingine tu.

Claud Butler ndiye mfano unaogharimu watu pesa nyingi zaidi. Karakana yake ya London iliheshimika sana kabla na baada ya vita. Biashara ilianguka nusu ya pili ya miaka ya 1950, jina likanunuliwa na Holdsworth, na baadaye likaendelea kupita mikononi hadi kuwa lebo ya baiskeli za kawaida za dukani. Fremu ya "Claud Butler" ya 1949 na ya 1989 zinashirikiana herufi tu. Pima nafasi ya nyuma, tafuta matundu ya chupa, tazama nyuzi. Dakika tano zinatosha kuzitenganisha.

Kuna tatizo la rangi za timu pia. Joop Zoetemelk aliposhinda Tour de France mwaka 1980 akiwa na TI-Raleigh, fremu za timu zilitoka katika karakana maalumu ya Raleigh iliyokuwa Ilkeston. Raleigh ilipaka nyekundu, nyeusi na njano zilezile kwenye baiskeli nyingi za kuuzia umma, baadhi yake za chuma cha kawaida. Rangi ni ya kiwanda, stika ni za kiwanda, na bado si fremu ya Ilkeston. Zile za Ilkeston zina namba inayoanza na SB kwenye kasha la krenki. Na kwa kuwa herufi mbili hupigwa kwa nyundo, nenda tena kwenye tundu la nguzo ya siti: 27.2 ndiyo unayoitegemea, na ukikuta 25.8 au 26.2, funga mkoba.

Namba za Raleigh za kawaida husomeka vizuri kuanzia 1973: herufi ya kwanza ni kiwanda, N ikiwa Nottingham na W ikiwa Worksop, ya pili ni kipindi cha wiki mbili ndani ya mwaka, tarakimu ya kwanza inayofuata ni mwaka, ambapo 4 huweza kuwa 1974 au 1984, nawe uamue kwa vitu vingine. Kwa namba za kabla ya hapo, orodha zinazosambazwa hazitegemeki. Habu ya Sturmey-Archer ya gia tatu hupigwa mwaka na mwezi kwenye mwili wake, "58 3" ikiwa Machi 1958, lakini hiyo ni tarehe ya habu. Gurudumu hubadilishwa kuliko kitu chochote.

Majeraha

Pitisha kidole chini ya paipu ya chini na ya juu, sentimita mbili nyuma ya kichwa. Mkunjo mdogo kama wimbi hapo ni ajali ya mbele, hata kama foki imenyooka, maana huenda ni mpya. Pitisha sumaku juu ya paipu zote. Inapolegea ghafla kuna pati, yaani uji wa kuziba mabonyeo, chini ya rangi. Funga kamba kwenye sikio moja la nyuma, izungushe mbele ya kichwa, irudishe sikio la pili, kisha pima umbali wa kamba hadi paipu ya kiti pande zote mbili. Tofauti ya milimita moja ni ya kawaida. Ikifika tatu, fremu inahitaji kunyooshwa, na fremu ya 531 hunyooshwa na anayejua, bila moto.

Usipige msasa wala kuchovya fremu kwenye dawa ya kutoa rangi kabla hujajibiwa maswali yako. Rangi ya kwanza hubaki nyuma ya nembo ya kichwa, chini ya klipu za kebo, ndani ya taji la foki na chini ya kasha la krenki. Kwangua eneo dogo kama ukucha katika mojawapo ya sehemu hizo, tabaka kwa tabaka, kwa wembe mkavu. Ukitaka msaada wa nje, Veteran-Cycle Club ya Uingereza ina wajuzi wa chapa mojamoja. Watumie picha za lagi ya kiti kutoka nyuma, taji la foki kutoka mbele, masikio yote mawili, kasha la krenki kutoka chini na namba iliyosuguliwa chaki ili isomeke, pamoja na vipimo vyako vyote. Picha ya baiskeli nzima iliyoegemezwa ukutani haitawasaidia.